Nyangumi Hawakuokolewa na Mafuta ya Taa

Kila kusi inapoingia, nyangumi wenye nundu hupanda kutoka Antaktika hadi maji ya Watamu na Unguja, kuja kuzaa. Nao wakionekana tu, vijiweni huzuka maelezo yaleyale. Haya manne nayasikia mno, na yote yanapotosha.

Dai la kwanza: Petroli ndiyo iliyowaokoa nyangumi.
Husemwa kwamba Edwin Drake alipochimba kisima chake cha mafuta Pennsylvania mwaka 1859, taa zilizowaka kwa mafuta ya nyangumi zilihamia mafuta ya taa, na wawindaji wakakosa soko. Taa zilihama, ni kweli. Lakini uwindaji mkubwa kabisa ulikuja baadaye. Svend Foyn wa Norway aliunda mzinga wa kurusha chusa chenye baruti, na meli za injini zikamfikia nyangumi wa buluu, ambaye wapiga makasia hawakumuweza kwa mbio. Mafuta yake yakageuzwa sabuni na majarini. Katika msimu mmoja tu wa 1930–31, nyangumi wa buluu zaidi ya 29,000 waliuawa Antaktika. Karne nzima ya 20 iliua nyangumi wa kila aina karibu milioni 3. Kilichowanusuru waliobaki ni kura: mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliamua kusimamisha uwindaji wa biashara, na uamuzi ukaanza kazi mwaka 1986.

Dai la pili: Hayo yalikuwa mambo ya bahari za mbali.
Durban, kwenye njia ya nyangumi wanaokuja kwetu, palikuwa na kituo cha kuwachinja hadi mwaka 1975. Kaskazini, mwaka 1966, meli za Kisovieti ziliua kwa siri nyangumi wenye nundu zaidi ya 200 katika Bahari ya Arabuni, wakiwemo wa pwani ya Oman. Hao wa Oman hawahami kama wenzao. Huzaa na kula hukohuko mwaka mzima, kwa hiyo hakuna wageni wa kuja kuziba pengo. Leo wanakadiriwa kuwa hawafiki 100. Wenzao wa kusini wameongezeka tena.

Dai la tatu: Nyangumi anatumalizia samaki.
Nyangumi anayepita Watamu hakuja kula. Chakula chake ni vijikamba vya Antaktika, na hukohuko ndiko anakoshibia. Huku kwetu huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na kwa mafuta hayohayo humnyonyesha mtoto. Mvuvi akirudi na tenga tupu, tuulizane kuhusu kokoro linalozoa hadi vifaranga vya samaki, na baruti inayovunja matumbawe wanamozaliana.

Dai la nne: Pomboo ni rafiki zetu tangu jadi, na utalii hauwadhuru.
Kizimkazi, Unguja, pomboo, jamaa wa nyangumi, waliwindwa hadi mwaka 1996, na nyama yao ilikuwa chambo cha papa. Utalii ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulimpa pomboo thamani akiwa hai, na hilo nalishukuru kwa dhati. Lakini tazama asubuhi bahari ikiwa shwari. Migongo miwili ya kijivu inaibuka pamoja, mama na mtoto, na pumzi zao zinasikika. Boti moja inawakatia mbele, nyingine inawafunga nyuma, watu wanajirusha majini. Wawili wale wanazama, wanaibukia mbali, na mashine zinawafuata. Hakuna aliyechomwa chusa, ila mtoto hajanyonya. Watafiti waliowachunguza hapohapo walikuta kwamba boti zikiwepo, pomboo hupumzika kidogo mno na muda mwingi huwa mbioni. Na nyavu za jarife bado zinawanasa na kuwazamisha.

Maelezo haya manne yana ubaya mmoja: yanatuondolea sisi dhamana, mara ibebwe na petroli, mara na watu wa mbali, mara na nyangumi mwenyewe. Shelisheli, nchi yenye watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi, ilipendekeza Bahari ya Hindi iwe hifadhi ya nyangumi, na mwaka 1979 ikawa. Nahodha wa Kizimkazi naye ana uamuzi wake kila asubuhi: azime mashine akiwa bado mbali, mama amalize kunyonyesha.