Kiwanja cha Jioni Hakina Nishani

Mwili ni amana, na amana hutunzwa. Hayo tumeyajua tangu chuoni, tulipokaa juu ya mkeka mbele ya mwalimu. Mwenye kutembea, mwenye kuogelea na mwenye kupiga mpira, wote hao wanaitunza amana waliyopewa. Swali langu leo ni hili: mtu aliyezaliwa akaitwa mwanamume kisha akaishi kama mwanamke, au kinyume chake, je, yeye hana amana ya kutunza?

Tuuchukue mji wa Rodi Kopany, katika kaunti ya Homa Bay, uwe mfano wetu. Ni mji mdogo wa njia panda: barabara itokayo Rongo kwenda Homa Bay hukutana hapo na ile iendayo Ghuba ya Karungu. Katika miji ya namna hiyo, bara na pwani, mazoezi ya watu ni barabara na kiwanja. Na katika barabara na kiwanja, kila anayepita anajulikana ni mtoto wa nani. Kwa aliyebadili jinsia, macho hayo ndiyo ukuta wa kwanza.

Ni kitu gani basi kinachomtoa nyumbani? Watafiti wa Ulaya na Marekani waliowahoji watu hawa wameeleza, na majibu yao si ya ajabu. Wanataka afya. Wanataka moyo utulie, kwani dhiki na huzuni huwaandama sana. Wanataka wenzi wa kucheza nao. Juu ya hayo kuna moja ambalo ni lao zaidi: wanataka mwili upatane na nafsi, ili mtu ajitazame asijichukie. Wengine hutumia dawa za homoni, na mazoezi huwasaidia kulinda mifupa na moyo. Na kinachowarudisha ndani ni nini? Chumba cha pamoja cha kubadilishia nguo, nguo za kubana, na lile swali, “Wewe ni wa upande gani?” Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Lakini likitajwa jambo hili, watu huruka moja kwa moja hadi Olimpiki. Naam, mashindano yana mizani yake, na mwanamke anayetafuta nishani anastahili haki. Mwezi wa Machi 2023, shirika la riadha la dunia liliwafungia mashindano ya wanawake wale waliobadili jinsia baada ya kubaleghe kama wanaume. Mjadala huo una hoja pande zote, wala mimi sidharau hoja ya upande wowote.

Ila tuangalie jinsi ukali wa mlango ule unavyowagonga na majirani. Margaret Wambui wa Kenya hakubadili jinsia. Alizaliwa akaitwa msichana, akalelewa msichana, na mwaka 2016 huko Rio akapata nishani ya shaba katika mita 800. Mwaka 2019 ikaanza kutumika amri kwamba wanawake wenye maumbile kama yake wapunguze homoni za mwilini, la sivyo waache mbio hizo. Mbio zake zikakoma, naye mwaka 2021 akaomba liwepo kundi la tatu. Francine Niyonsaba wa Burundi, aliyepata fedha siku ile ile ya Rio, alihamia mbio ndefu, na mwaka 2021 mjini Zagreb akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Mwaka 2023 amri ikapanuliwa, ikazifikia na mbio hizo ndefu. Mtu anayefungiwa mlango huu akaenda kukimbia kwenye ule, hatuwezi kusema anachokipenda ni nishani peke yake.

Sasa turudi kwetu. Mafakihi walipokutana na huntha, yule ambaye maumbile yake hayakubainika, hawakumtoa msikitini. Walimpa safu: nyuma ya wanaume, mbele ya wanawake. Katika mirathi, Mashafi walisema apewe fungu lile lililo yakini, na kilichobaki kizuiwe mpaka jambo libainike. Ama aliyebadili jinsia kwa kutaka mwenyewe, hukumu yake kwa wanazuoni wengi ni nyingine, wala sikusudii kuwachanganya wawili hao. Ninachokitaka ni ile adabu ya wazee wetu: jambo likiwa gumu, walitafuta mahali pa kumweka mtu kabla ya kutafuta mlango wa kumtolea. Serikali ya Kenya nayo ilianza mwaka 2019, ilipowahesabu huntha katika sensa ikawapata 1,524.

Na dawa yenyewe si ghali. Sisi watu wa sitara tunajua kwamba haifai mtu kumvulia nguo mwenziwe. Basi penye kiwanja pajengwe vijichumba, kila kimoja na mlango wake na komeo lake. Vitamsitiri binti mwenye haya, mzee, mlemavu na huyu tunayemzungumza, wala hakuna atakayeulizwa swali. Timu za jioni zigawanywe kwa uwezo, kama watoto wanavyochaguana mtaani, na mwalimu wa mchezo akemee matusi kama anavyokemea rafu.

Wenye kugawa nishani wabaki na vipimo vyao, wabishane mpaka wapatane. Kiwanja cha Rodi Kopany, kama kile cha mtaa wako na wangu, hakigawi nishani. Kinagawa jasho, usingizi mwema na salamu za jirani. Kumnyima mtu hivyo kwa sababu ya ugomvi wa Olimpiki ni kumdhulumu, na dhuluma hatukuhalalishiwa kwa yeyote.