Kuvu Ikae Mlangoni mwa Kiwanda

Gogo likianguka msituni, kuvu ndiyo hulimaliza. Si kazi ndogo. Lignini, inayoupa mti ugumu wake, huwashinda bakteria wengi. Lakini kuvu kama Phanerochaete chrysosporium na Trametes versicolor hutoa vimeng'enya nje ya nyuzi zao vikaivunja palepale ilipo. Tena vimeng'enya hivyo havichagui sana. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walionyesha katika jarida la Science kwamba Phanerochaete huvunja hata DDT.

Toleo hili linahusu majitaka, na sababu ya kuanza na kuvu ni rangi za vitambaa. Nyingi zimetengenezwa makusudi zisichuje kwa jua wala sabuni, kwa hiyo mabwawa ya kawaida ya kusafishia majitaka hayaziwezi. Pasipo na hewa, bakteria huzivunja rangi za kundi la azo nusu tu na kuacha kemikali ziitwazo amini, ambazo baadhi yake huleta saratani. Maji yamekuwa meupe, sumu imebaki.

Kuvu inayofaa kuzivunja rangi hizo haiko mbali. Mwaka 2008 Godliver Mtui wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwenzake Nakamura walichapisha utafiti wa vimeng'enya vya Flavodon flavus, kuvu iliyopatikana baharini karibu na Dar es Salaam. Kuvu iliyozoea maji ya bahari ni hazina, maana majitaka ya kutia rangi vitambaa huwa na chumvi nyingi.

Kwa nini basi haijatoka maabara? Bakteria. Katika majitaka yasiyotakaswa huzaliana upesi, wakala chakula cha kuvu na kuisonga. Huko Barcelona, watafiti wa Universitat Autònoma walioitumia Trametes kuondoa mabaki ya dawa kama ibuprofeni walishikilia uchachu wa maji kwenye pH 4.5 na kubadilisha sehemu ya kuvu mara kwa mara.

Bwawa la mji mzima haliwezi kutunzwa hivyo. Tangi la kiwanda au hospitali linaweza: maji ni machache, uchafu wake unajulikana, na bado hayajachanganyika na ya vyooni. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 tayari inamtaka anayemwaga majitaka awe na kibali. Kibali hicho kimdai mwenye kiwanda ataje rangi anazotumia, na maji yake yapimwe amini kabla hayajaingia kwenye bomba la wote.