Mtihani uwarudishe wanafunzi vitabuni

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania dhamira za *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*. Atakutiririshia: mapenzi, ulevi, uzembe, ndoa za mitala. Mwulize nani alichoma karatasi za sensa, na kwa nini. Atakodoa macho. Tamthilia hajaifungua; amesoma tahakiki.

Hatumlaumu. Swali la mtihani humpa orodha ya vitabu, kisha humtaka athibitishe kauli fulani kwa hoja tatu kutoka kila kitabu. Hoja hizo zinauzwa tayari, zimepigwa namba, kwenye vijitabu vya tahakiki. Aliyekesha na riwaya nzima na aliyekariri kurasa nne za tahakiki huketi chumba kimoja, na huyu wa pili anaweza kumshinda mwenzake, kwa kuwa hoja zake zimepangwa kama msahihishaji anavyotarajia.

Hasara ya mtindo huu si ndogo. Katika *Takadini* ya Ben Hanson, Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino. Mila inataka mtoto auawe. Mama anatoroka naye. Riwaya hiyo inasomwa katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina. Kuandika "mila potofu" na kupata alama hakumgharimu mtu chochote. Anayemfuata Sekai ukurasa kwa ukurasa ndiye anayelazimika kujiuliza yeye angesimama upande gani.

Agosti 2022 makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba nchini kote. Katika *Ngoswe*, Edwin Semzaba alikuwa ameshatuandikia habari za karani aliyetumwa kuhesabu watu akanasa kwa binti wa mwenyeji wake, kazi ikateketea. Ilikuwa nafasi ya darasa kuigiza, kucheka, na kubishana juu ya maana ya kutumwa na umma. Kwa mwanafunzi wa tahakiki, Ngoswe alibaki kuwa hoja namba mbili.

Tutaambiwa vitabu havitoshi. Ni kweli, na shule zenye maktaba iliyofungwa kwa kufuli tunazijua. Lakini mwalimu mwenye nakala moja anaweza kuwasomea wanafunzi kwa sauti au kuwagawia sehemu waigize. Tamthilia iliandikwa isemwe. Kinachomzuia ni hofu kwamba kipindi kilichotumika kusoma kitabu ni kipindi kilichopotea kwa mtihani.

Basi tuanzie kwenye mtihani. Baraza la Mitihani liweke dondoo la riwaya au tamthilia kwenye karatasi na kuuliza: nani anasema, anamwambia nani, kumetokea nini kabla ya hapo, na maneno haya yanamfichua vipi msemaji? Kenya wanafanya hivyo. Karatasi ya Fasihi ya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, humtaka mtahiniwa aeleze muktadha wa dondoo, na shairi huwekwa mbele yake alichambue papo hapo. Miongozo inauzwa huko pia, lakini walau mtahiniwa hukutana na maneno ya mwandishi mwenyewe.

Pili, orodha ya vitabu ibadilishwe kila baada ya miaka michache. *Ngoswe* kilichapishwa 1988, na kitabu kizuri hakizeeki. Ila orodha isiyobadilika humpa mwandishi wa tahakiki ajira ya kudumu. Kazi mpya zipo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza 2023, imetuonyesha kwamba waandishi hatujaishiwa.

Kuwahubiria wanafunzi wapende kusoma hakutoshi, maana wao husoma kile kitakachoulizwa. Swali likibadilika, mwalimu naye atabadilika, na muuza tahakiki atalazimika kuanza kuuza riwaya.