Wewe wa Chupa ya Mafuta, Wacha Matumbo Yetu

Wasee, leo nitakosana na mtu na niko sawa na hiyo.

Juzi nimetumiwa video mara nne na watu wanne tofauti. Kijana ameshika chupa, anasema kama una vidonda vya utumbo mpana au ugonjwa wa Crohn, tupa dawa za hospitali. Kunywa mafuta yake vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, siku 21 umepona. Shilingi 3,500, lipa kwa M-Pesa, unaletewa hadi mlangoni.

Mimi ni mgonjwa wa hayo matumbo. Nilitibiwa amiba na homa ya matumbo miezi mingi kabla mtu hajafikiria kunipima kwa kamera. Nikapewa dawa, nikapata nafuu, nikajiona mjanja. Muuzaji mmoja akanishawishi vidonge vya mafuta ya samaki vinatosha. Nikaacha dawa. Miezi mitatu baadaye nilikuwa naenda choo mara kumi kwa siku, damu tupu, nikalazwa na kuongezwa damu. Mama yangu alilala kwa kiti siku tano. Kwa hivyo usiniambie ati nina chuki.

Sasa tuongee ukweli, kwa sababu hawa watu wanachukua kipande cha sayansi wanakigeuza bango. Ni kweli omega-3 ya samaki inapunguza zile kemikali mwili unatumia kuwasha utumbo. Ni kweli pia mwaka 1996 watafiti wa Italia walipima wagonjwa 78 wa Crohn waliokuwa wametulia. Waliopewa mafuta ya samaki, 11 kati ya 39 ugonjwa ulirudi ndani ya mwaka. Waliopewa vidonge bandia, 27 kati ya 39. Hata mimi ningeshangilia. (Ingawa wanne wa upande wa mafuta waliacha kwa sababu ya kuharisha. Hiyo hutaiona kwa video.)

Lakini sayansi haikuishia hapo. 2008 yakatoka majaribio mawili makubwa, watu zaidi ya 700, gramu 4 za omega-3 kila siku. Jaribio la kwanza: ugonjwa ulirudi kwa asilimia 31.6 ya waliomeza omega-3, na 35.7 ya waliomeza bandia. La pili: 47.8 dhidi ya 48.8. Manze, hiyo ni karibu sare. Ukisoma ya 1996 peke yake unafungua duka. Ukisoma ya 2008 unalifunga. Na kwa vidonda vya utumbo mpana pia, hakuna aliyethibitisha kwamba vidonge vya mafuta vinazuia ugonjwa kurudi.

Hiyo ni mafuta ya samaki, ambayo angalau yamepimwa. Kuna mwingine kwa komenti anashauri watu wanywe mafuta ya nyonyo "kusafisha utumbo". Buda! Nyonyo ni dawa ya kuharisha. Asidi yake ya mafuta inafanya utumbo ubane na kusukuma. Unampa hiyo mtu ambaye tayari anaharisha damu?

Sisemi mafuta ya chakula hayana maana. Wataalamu wa kimataifa wa magonjwa haya walitoa ushauri 2020: punguza mafuta yanayoganda na yale ya viwandani yaliyogeuzwa, na mwenye vidonda vya utumbo mpana aongeze omega-3 kutoka kwa samaki wenyewe, si vidonge. Umesikia? Si vidonge. Kwa hivyo gorogoro ya omena sokoni inakushinda, wewe na chupa yako. Ichemshe, nyanya, kitunguu, usiiogeleshe kwenye mafuta ya kupima. (Kama una Crohn na utumbo umebana mahali, uliza daktari kwanza, kwa sababu ya mifupa.) Na bado unameza dawa zako. Omena ni mboga.

Najua mtaniambia dawa ni ghali. Ni ghali, na mara zingine unazunguka maduka matatu ya dawa hukosi kuambiwa rudi wiki ijayo. Hiyo hasira ninayo pia. Lakini hebu niambie, mgonjwa ameshindwa na bei ya dawa, halafu wewe unamtoa 3,500 ya mwisho na kumwambia aache hata zile amebaki nazo? Huyo umemsaidia wapi?

Niliandika swali moja chini ya video yake, kwa heshima kabisa: mteja wako akianza kutokwa damu saa nane usiku, anapigia wewe ama ambulensi? Kufika asubuhi alikuwa ameifuta na kunifungia nje ya ukurasa wake. Kwa hivyo nimeiandika hapa.