Mikoba ya Mstaafu

Mwanamke aliyetumikia ualimu au kazi ya serikali kwa miaka thelathini na zaidi, akafika umri wa miaka 60 ambao sheria ya Tanzania, na utaratibu wa Kenya tangu mwaka 2009, unamtaka akabidhi ofisi, aghalabu huandaliwa karamu, akasomewa risala, akatunzwa kanga na bahasha, kisha akasindikizwa nyumbani kwa vigelegele. Na huko nyumbani, juu ya kabati na chini ya uvungu wa kitanda, imemngoja mikoba ambayo hakuna msomaji wa risala aliyeikumbuka. Si haba mikoba hiyo. Upo mweusi mpana uliobeba madaftari ya kusahihisha. Zipo pochi ndogo zenye kumetameta, zilizonunuliwa moja moja ili zilingane na sare ya harusi ya mpwa, ya jirani, na ya mtoto wa bosi. Ipo mikoba ya turubai aliyogawiwa katika semina, yenye nembo ya mradi uliokwisha zamani. Na upo ule wa mtumba, mzuri kuliko yote, uliopiganiwa asubuhi na mapema robota lilipofunguliwa. Funua wowote kati ya hiyo utakuta kipande cha chaki, kalamu iliyokauka, risiti ambayo maandishi yake yamekwisha kufifia, pini mbili tatu, na ufunguo wa droo ya meza ambayo leo yumkini imekwisha kuwa kuni.

Juu ya mali hii yapo mashauri mawili, na yote mawili nayakataa. La kwanza ni la wahenga wetu wa kike, wasemao kwamba kitu hakiozi, kiache kikae, ipo siku kitafaa. La pili ni la vijana wa leo, ambao wamesikia kwamba nyumba tupu ndiyo raha ya moyo, nao humshauri mama yao agawe vyote, kana kwamba pambo lilikuwa sehemu ya mshahara na mshahara umekoma. Rai yangu ni hii: mstaafu apunguze, tena apunguze sana, lakini katika kupunguza abakize kilicho bora akitumie, na wala asibakize kilicho kikuukuu huku kilicho bora akikifungia.

Nasema hivi kwa sababu ada tuliyo nayo ni kinyume chake. Mwanamke wa mwambao, awe Tanga, Mombasa au Unguja, utamwona akienda sokoni na mkoba uliochanika ukingo, mpini wake umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, ilhali ndani ya kabati umelala mkoba wa ngozi, umevishwa mfuko wa nailoni, unangojea safari. Safari haiji, au ikija, mwenyewe huuteremsha mkoba akakuta umebanduka magamba meusi yanayoshika vidoleni na kwenye nguo. Wengi hudhani wameuziwa kitu kibovu. Lakini mikoba mingi tunayoiita ya ngozi si ngozi, bali ni kitambaa kilichopakwa utando wa plastiki, na utando huo, hasa ule wa aina iitwayo poliyurethani, huvunjwa polepole na unyevu uliomo hewani pamoja na joto, utumike usitumike. Na katika hewa ya pwani yetu, ambayo unyevu wake haupungui ila kwa taabu, kuufungia ndani ya nailoni ni kuuhukumu. Ngozi ya kweli nayo, ikinyimwa hewa, huota ukungu wa kijani, na vidani vya shaba vilivyochovywa dhahabu hupoteza wekundu wake palepale vilipolazwa kwa taadhima. Kwa hiyo yule asemaye kitu hakiozi hakusema kweli, na aliyemsikiliza ameweka akiba ya vumbi.

Katika dhahabu hasa jambo hili lilikwisha kufikiriwa na watu wenye elimu kutushinda. Madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa mwambao huu, katika kauli yake yenye nguvu hayamtozi mwanamke zaka kwa bangili, mkufu au vipuli anavyovivaa au alivyonuia kuvivaa, maadamu havikupita kiasi cha ada. Bali kile alichokirundika kuwa hazina tu, bila nia ya kukivaa, kikifika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na kikapitiwa na mwaka wa mwandamo, hudaiwa robo ya ushuri, yaani asilimia 2.5. Madhehebu ya Hanafi yana kauli nyingine, hutoza hata kinachovaliwa. Mimi si mwanachuoni, na mwenye tashwishi amwendee shehe wake; lakini hata asiyefuata dini hiyo ataona hekima ya sheria inayotofautisha pambo lililo mwilini na pambo lililo sandukuni, ikaliacha lile ikamwuliza maswali mwenye hili.

Halafu kuna suala la kurithisha, ambalo ndilo huwafanya akina mama wengi wang'ang'anie. Husema, mkufu huu ni wa binti yangu mkubwa, na bangili hizi ni za mdogo wake, nao wanajua. Wanajua, lakini siku ya mirathi kujua hakutoshi. Wasia kwa mrithi, kwa hukumu hiyohiyo ya Kiislamu, haupiti ila warithi wenzake waridhie. Na mkufu mmoja haukatwi mafungu, huuzwa kwa sonara ikagawanywa thamani yake. Nimeona ndugu wa tumbo moja, watu wa heshima, waliokosa kusemezana kwa ajili ya jozi ya vikuku ambayo marehemu alimwahidi mmoja wao akiwa jikoni. Hiba ni njia iliyo wazi zaidi: mtu akiwa mzima wa afya na akili, hutoa mali yake kwa hiari, na mpewa akaipokea mkononi, jambo likakoma hapo, maana hiba isiyopokelewa haijatimia, na maneno ya jikoni ni maneno. Mzazi, kweli, ameusiwa kufanya uadilifu baina ya wanawe katika kutoa, na hilo si jepesi mtu akiwa na mabinti wanne na mkufu mmoja. Lakini hesabu hiyo ni afadhali aifanye yeye aliye hai, awezaye kueleza kwa nini huyu kapewa hiki na yule kile, kuliko kuwaachia wenye majonzi.

Mikoba haina thamani ya kugombewa hivyo, na ndiyo maana aibu yake ni ya namna nyingine: tunampa maskini kilichotuchosha. Mkoba wa semina uliokatika zipu hukabidhiwa msichana wa kazi kwa sauti ya ukarimu, naye hulazimika kushukuru. Sisi tulioshuhudia mitumba ikirudi kwa wingi katika masoko ya Tanzania katika miaka ya 1980, baada ya kubanwa kwa muda mrefu, tulipaswa kuwa tumejifunza, kwani hakuna robota lililowahi kufunguliwa pasipo mtu kukunja uso kwa alichokikuta chini. Kilicho chakavu kitupwe, na kiitwe takataka kama kilivyo. Cha kupewa mtu kiwe ambacho mtoaji mwenyewe angekishika mbele ya watu.

Vitabaki vingapi? Sipendi kutaja idadi, kwa kuwa mwenye jumuiya, chama cha kuweka na kukopa na kwaya ana haja tofauti na akaaye shambani. Naweza kutaja kazi tu. Mstaafu anakwenda hospitali, na huko anahitaji mkoba mwepesi, wenye mifuko ya ndani, wa kutia kadi ya bima, miwani, daftari la kliniki na chupa ya maji; uwe mwepesi kwa dhati, kwa sababu ile mikoba yenye bizimu za chuma huwa nzito hata kabla haijatiwa kitu, na bega la miaka 60 linadai haki yake. Mkoba huohuo utamfaa siku ya uhakiki wa wastaafu, atakapopanga foleni na vitambulisho vyake. Anakwenda sokoni, na tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, kikapu cha ukili, ambacho bibi zetu hawakukiacha, kimekuwa tena chombo cha lazima. Akinunue kizuri, chenye rangi. Anakwenda harusini na msibani, na kwa hayo pochi moja ya heshima inatosha, hata kama kamati ya sare itanuna. Waume nao wasicheke wakisoma haya, maana zipo tai huko kabatini ambazo hazikufungwa tangu utawala wa awamu ya tatu.

Yanipasa kukiri kwamba mabinti wengine hawaitaki mikoba ya mama zao. Mitindo imebadilika, na mkoba uliokuwa fakhari ya idara nzima leo unaonekana kama sanduku. Basi binti aulizwe kwanza, na akisema hautaki asinuniwe wala asitajiwe bei yake ya zamani. Upelekwe kwa fundi viatu abadili zipu na kukaza mpini, kisha apewe mwalimu aliyeajiriwa mwaka huu katika shule ya jirani, ambaye mshahara wake wa kwanza una kodi ya chumba, godoro na jiko la gesi vya kununuliwa kabla ya mkoba, na ambaye Jumatatu atakuwa na madaftari ya kubeba.