MAONI YETU: MCHEZAJI NA MWENZAKE

Hakuna haja ya kuwakumbusha askari polisi wa Uganda mwaka 1972. Mnamo Septemba 2 mwaka huo, mjini Munich, mwenzao katika kazi, John Akii-Bua, alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia na kuipatia nchi hii medali yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Wasilolikumbuka wengi ni kwamba katika Michezo ile ile vijana wawili wa Indonesia, Christian Hadinata na Ade Chandra, walishinda mashindano ya badminton ya wanaume wawili wawili. Ushindi wao haukuhesabiwa miongoni mwa medali, kwa kuwa mchezo huo wa vinyoya ulikuwa umeletwa kwa maonyesho tu. Ulikuja kuingizwa rasmi Barcelona, mwaka 1992.

Akii-Bua alikimbia peke yake katika njia ya ndani kabisa, na heshima yake haina mshiriki. Lakini kazi ya kila siku ya askari haifanani sana na mbio zile. Hufanana zaidi na mchezo wa Hadinata.

Katika kambi zetu wapo wanaoucheka mchezo huo na kuuita wa watoto. Na waingie uwanjani! Uwanja wa wawili una urefu wa mita 13.40 na upana wa mita 6.10. Wakishambulia, mmoja husimama nyuma na kupiga kwa nguvu, mwingine hukaa karibu na wavu akingojea kinyoya kinachorudi. Wakishambuliwa, hutengana mara moja, kila mmoja akalinda nusu yake. Mabadiliko hayo hufanyika mara nyingi katika pigo chache, wala hakuna nafasi ya kupeana amri. Anayekimbilia pigo lililo haki ya mwenzake huacha pengo nyuma yake, na adui hulipata pengo hilo. Askari aliyewahi kulinda kizuizi cha barabara usiku, mmoja akikagua gari na mwingine akitazama giza, anaielewa hali hiyo bila mwalimu.

Hadinata alizaliwa Purwokerto, katika kisiwa cha Java, mwaka 1949. Yeye na Chandra walitwaa ubingwa wa All England mwaka 1972 na 1973, na mwaka 1980 wakawa mabingwa wa dunia mjini Jakarta. Hayo peke yake yangetosha kumpa mtu jina. Sisi tunayavutia macho mengine: katika mashindano yale yale ya Jakarta alishinda pia akicheza na mwanamke, Imelda Wiguna, ambaye alikuwa ameshinda naye All England mwaka 1979. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 1982, New Delhi, alipata dhahabu pamoja na Icuk Sugiarto, mtu aliyejulikana zaidi kwa mchezo wa mmoja mmoja, na dhahabu nyingine pamoja na Ivana Lie. Kisha mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 34, alisimama na Hadibowo katika fainali ya Kombe la Thomas dhidi ya China, mjini Kuala Lumpur. Indonesia ilikuwa imeshindwa michezo miwili kati ya mitatu ya mmoja mmoja. Timu za wawili wawili zikashinda zote mbili, na kombe likarudi Jakarta kwa 3 kwa 2.

Tuhesabu basi: Chandra, Wiguna, Sugiarto, Lie, Hadibowo. Wenzi watano, na kwa kila mmoja palikuwa na ushindi. Askari husikika mara nyingi akilalamika kwamba amehamishiwa kikosi kipya, amepangwa doria na mtu asiyemzoea, na kwa hiyo kazi haiendi. Malalamiko hayo yana ukweli, wala hatuyadharau. Mazoea hujengwa kwa muda, na mkuu anayebadilisha jozi za doria ovyo ovyo anaharibu kitu asichokiona katika daftari. Hata hivyo, uwezo wa kumfanya mtu yeyote aliye kando yako acheze vizuri zaidi ni ujuzi unaofundishika. Hadinata mwenyewe, baada ya kuacha kucheza, aliwafundisha vijana wa taifa lake. Miongoni mwao ni Ricky Subagja na Rexy Mainaky, ambao mwaka 1996 mjini Atlanta walipata dhahabu ya Olimpiki, safari hii ikihesabiwa.

Lawama yetu kubwa inawaendea wakuu. Jambazi akikamatwa, jina linaloandikwa katika barua ya sifa ni la yule aliyemtia pingu. Yule aliyesimama hatua kumi nyuma, bunduki mkononi, akiuzuia mlango wa pili, hutajwa kama "askari mwingine" au hatajwi kabisa. Katika badminton haijapata kutokea kwamba aliyepiga pigo la mwisho akapewa medali na mwenzake wa wavuni akarudishwa nyumbani mikono mitupu. Tunaomba makamanda wa vikosi na wa vituo waanze na jambo dogo: kabla ya kutia sahihi pendekezo la sifa au la kupandishwa cheo, wamwite yule wa pili, wamwulize alisimama wapi usiku ule, na waliandike jina lake.