Logo ya Nike Iliuzwa Dola 35: Dizaina wa Campo, Soma Hii Kabla AFCON 2027

Kama uko campo unasomea dizaini, hii ni yako. AFCON 2027 inakuja Kenya, Uganda na Tanzania. Uwanja wa Talanta wa watu 60,000 unajengwa kule Ngong Road. Klabu, baa na makampuni zitataka posta za mechi, jezi na logo, na watu wa kwanza kutafutwa ni nyinyi, juu mko wakali na mnalipisha kidogo. Swali ni moja tu: hiyo kazi ikishaisha, itakuwa ya nani?

Cheki story ya Carolyn Davidson. Alikuwa mwanafunzi wa dizaini Portland State University, Marekani. Phil Knight, aliyekuwa anafunza uhasibu hapo, alimsikia akisema hana doo ya vifaa vya kuchora, akampatia wera ndogo ndogo za dola 2 kwa saa. 1971 akamwambia amchoree alama ya kuweka kwa ndula. Carolyn akachora kadhaa, Knight akachagua moja, na hata hakuipenda vile. Bili ilikuwa dola 35. Hiyo ndiyo Swoosh ya Nike.

Wengi huishia hapo wakisema alipigwa. Lakini 1983 Nike walimfanyia sherehe, wakampa pete ya almasi na hisa za kampuni. Poa sana, ila hiyo ilikuwa zawadi, si deni. Carolyn alipata mtu mwenye shukrani. Wewe unaweza pata yule anaacha kushika simu zako mara tu umemtumia faili.

Sheria ya hapa inasema aje?

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kitu umejichorea ni chako kutoka siku umekichora. Hakuna haja ya kusajili kwanza, na haki inadumu maisha yako yote plus miaka 50.

Sasa noma iko hapa. Ukipewa oda na mteja, na hamjakubaliana vingine, sheria inahesabu kuwa hakimiliki imehamia kwake. Yaani posta umechora kwa thao mbili anaweza kuichapisha kwa tisheti na kofia miaka na miaka, na huna la kusema.

Najua njaa ni njaa. Msee wa keja yenye inadaiwa hawezi kataa thao mbili. Na si lazima ukatae. Andika tu: "Hii ni ya posta ya mechi moja. Hakimiliki inabaki yangu. Ukitaka kuiweka kwa jezi, tunaongea bei upya." Barua pepe fupi hivyo inashinda "tutaonana" mara mia. Hata ukiamua kuchorea timu ya mtaa bure ndio ujenge jina, shikilia haki yako. Kazi ya bure yenye bado ni yako inaweza kukulipa kesho. Ile umeachilia yote kwa thao mbili imeisha hapo.

Na kama unaunda kitu?

Siku hizi si michoro pekee. Kuna wasee wanatengeneza sampuli za njumu, chupa na vifaa vya mazoezi. Bill Bowerman, kocha aliyeanzisha Nike pamoja na Knight, alijaribu kutengeneza soli kwa mashine ya bibi yake ya kupika waffle. Mashine ikaharibika, lakini wazo likazaa kiatu cha Waffle Trainer. Hapa Kenya, Enda walichangisha pesa Kickstarter 2016, wakatoa ndula ya kukimbia inaitwa Iten, jina la ule mji wa wakimbiaji.

Umbo la kitu kama hicho unasajili KIPI. Unapata miaka 5, na unaweza kuongeza mara mbili hadi ifike 15. Lakini lazima kiwe kipya, kwa hivyo pitia KIPI kabla hujakimbia kukianika TikTok.

AFCON itakuja na iende. Kuna wenye watabaki na picha za kuonyesha marafiki, na kuna wenye watabaki na kazi bado inawaingizia ganji. Tofauti yao inaweza kuwa sentensi tatu tu, zilizoandikwa kabla faili kutumwa.